Maktaba ya mji mdogo ilianza kwa sauti

Ripoti ya robo mwaka tunayojaza maktabani ina safu ya vitabu vilivyoazimwa, na safu hiyo haijawahi kunifurahisha. Tarakimu ni ndogo mno. Mtu akiisoma peke yake atasema mji huu hausomi, na wapo wakubwa waliokwisha kusema hivyo mbele yangu. Lakini funua daftari la mahudhurio pale mlangoni, lile lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaondoka na mtu. Humo kuna wanafunzi wa kidato cha nne, mwalimu wa kujitolea, dereva wa bodaboda, mama wa sokoni aliyemsindikiza mtoto, mzee mstaafu anayefuata magazeti. Watu wapo, ila hawachukui kitabu kwenda nacho nyumbani. Wanakaa, wanasoma, wanabishana kidogo, wanaondoka.

Wenzangu wengi wanalisimulia jambo hili kama anguko: zamani watu walisoma, siku hizi wanatafuta kiti tu. Mimi nilisomea ukutubi Bagamoyo na kazi yangu nimeifanyia katika miji midogo ya Dodoma, na siafiki. Ukifuatilia jinsi vitabu vilivyofika huku katikati ya nchi, utaona kwamba kukaa pamoja na kusomeana ndiko kulikotangulia. Kuazima kulikuja baadaye, na hakujawahi kukolea.

Tuanze na reli. Ilifika Dodoma mwaka 1910, na kufikia 1914 ilikuwa Kigoma. Stesheni zikaleta makarani, mafundi wa reli na wenye maduka, wakawakuta walimu wa misheni, maana CMS, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, na nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Ajuaye kusoma alisoma, wengine wakasikiliza na kuuliza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga vituo vya ustawi wa jamii mijini, ikiwalenga zaidi askari waliorudi vitani, na huko magazeti yaliwekwa jirani na redio na michezo. Ukiniuliza babu wa maktaba zetu ni nani, nitakuonyesha vituo hivyo kabla sijakuonyesha jengo lolote lenye rafu.

Mwaka 1948 likaundwa shirika la vitabu la Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Lilichapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki, na pia liliendesha huduma ya masanduku ya vitabu: sanduku linapelekwa shuleni au kwenye kituo cha jamii, linakaa kwa muda, kisha linabadilishwa. Aliyekuwa mbali kabisa aliweza kuazima kwa posta. Kwa macho ya kazi yetu, sanduku lilikuwa wazo la busara, kwa sababu mji usio na fedha za kununua vitabu ulipata vipya kila vinapozungushwa. Kasoro yake ni kwamba sanduku halina kiti wala mwenyewe. Mwalimu anayelitunza akihamishwa, huduma imekwisha.

Shirika hilohilo ndilo lililochapa, mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu cha Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hapahapa Dodoma. Vijana wanakitafuta wajue ukoo wao ulitokea wapi, na wazee wanakitafuta wakipinge. Nakala yetu haitoki nje ya chumba, na kusema kweli hakuna anayeomba itoke. Mmoja anasoma, wawili wameegemea mabega yake, na mara utasikia, "Hapo kakosea, kwetu haikuwa hivyo." Kitabu kile hakina raha ukiwa nacho peke yako kitandani.

Historia ya serikali yenyewe nitaipitia haraka, maana kila aliyesomea ukutubi ameikariri. Mwaka 1960 mtaalamu wa maktaba, S. W. Hockey, alitoa ripoti kuhusu maendeleo ya maktaba Afrika Mashariki. Mwaka 1963 ikapitishwa sheria iliyoanzisha huduma ya maktaba ya Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, na sheria ya mwaka 1975 ikatupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tuliyo nayo leo. Nia ilikuwa huduma iteremke kutoka mkoani hadi wilayani hadi kijijini. Imeteremka kwa kadiri ya mfuko.

Nadhani kilichofanya kazi kubwa zaidi hakikuwa majengo. Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huku kwetu wakati uleule Operesheni Dodoma ilikuwa inahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kwa hiyo darasa la jioni lilikuta watu waliotoka kukusanywa mahali pamoja, wengine bila kupenda. Kitaifa, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Ni miaka minane tu.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa jinsi ilivyoendeshwa. Kundi linakutana saa ya kipindi na kusikiliza redio. Redio ikinyamaza, mtu mmoja anafungua kitabu cha kampeni na kusoma kwa sauti, wengine wanajadili kilichosemwa, kisha wanaamua watafanya nini: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kuchemsha maji. Walioshiriki walikuwa takriban milioni 2. Ukiwapima watu hao kwa vitabu vilivyoazimwa utapata sifuri, maana hakuna aliyeazima kitu. Walisoma kitabu mpaka kikawatia jembe mkononi. Nionyeshe maktaba ya mkoa yenye matokeo hayo.

Na fasihi ya wakati ule ilikwenda njia hiyohiyo. Mnyampala huyohuyo ndiye aliyetuletea ngonjera, ushairi wa kujibizana unaoigizwa mbele ya watu. Baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilitumika kufafanua Ujamaa shuleni na vijijini. Ukiisoma ngonjera kimoyomoyo unabaki na nusu yake, kwa sababu anayeuliza yupo na anayejibu hayupo. Huwa nawaambia wanafunzi wasinisumbue kuomba ruhusa: waende chumba cha nyuma, wagawane mistari, wapaze sauti.

Tatizo lilikuja baadaye. Waliojifunza kusoma walihitaji vitu vya kusoma, la sivyo wangerudi walikotoka. Hapo ndipo zilipokuja maktaba za vijiji, mara nyingi rafu chache za vitabu chini ya mwalimu. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya sabini nchi ilikuwa imebanwa: vita vya Kagera, mafuta, fedha za kigeni, karatasi. Vitabu vipya vikakauka. Wachapishaji walipumua kidogo ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, ambao ulinunua sehemu ya nakala zilizochapwa na kuzipeleka shuleni. Hadithi nyingi za watoto kwenye rafu zetu zilipita mlango huo.

Vilivyobaki vikapata adui mwingine. Mchwa wa Dodoma hawaji kwa mbele. Wanapanda ndani ya ukuta, wanatokeza kwenye ufa nyuma ya rafu, na wanaingia kitabu kwa upande usiouona. Mgongo wa kitabu unabaki mzima na lebo yake. Unakivuta, kinatoka chepesi, ndani ni udongo mtupu. Sheria zangu ni za kienyeji. Rafu isiguse ukuta, iachwe nafasi ya mkono kupita. Miguu ya rafu ya mbao isimame kwenye makopo yenye oili chafu. Rafu ya chini kabisa ikaguliwe kila wiki, na isiwekwe kitabu ambacho hakina nakala nyingine. Hayo sikufundishwa darasani.

Leo msimu wetu unakwenda na mvua na mitihani. Mvua zikianza Desemba mji unahamia shambani na viti vinabaki vitupu. Kuanzia Agosti vinagombaniwa: darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Kuna na wale wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu na ajira za serikali. Hawa zamani walikwenda steshenari moja kwa moja, wakalipa, wakajaziwa fomu na mtu asiyewajua. Sasa baadhi wanapita kwetu kwanza, wanasoma masharti pamoja kwa sauti, anayeelewa anamweleza asiyeelewa, ndipo wanakwenda kulipia. Ni kundi la Mtu ni Afya lenye simu badala ya redio.

Kwa sababu hiyo kibao cha "KIMYA" nimekiacha chumba cha mbele tu, kwa wanaotaka utulivu, na wapo. Nyuma ni ruhusa kusemezana. Mkutubi mwenzangu wa wilaya ya jirani ananiambia nimegeuza maktaba kuwa ukumbi wa mikutano, na kwamba siku halmashauri ikigundua itatupangia vikao humo. Hofu yake si ya bure. Nimeona majengo mawili yakienda hivyo. Ila tunapogawana bajeti, yeye anaandika vitabu kwanza, mimi naandika mabenchi na taa, kisha vitabu. Tunafunga saa kumi na mbili jioni, wakati wenye maduka ndiyo kwanza wanafunga hesabu na wanafunzi wa kutwa wanamaliza kuchota maji. Kwa saa mbili zaidi za umeme na mlinzi mmoja, chumba cha nyuma kingejaa, na hilo ndilo ombi nililolipeleka mwaka huu.