Mtoto anahara: antibiotiki ya nini?

Fomu nyingi zinazofika maabara na sampuli za choo cha watoto huwa na swali lilelile: apewe antibiotiki gani? Mara nyingi jibu ni hakuna. Kuhara majimaji kwa mtoto mdogo huletwa zaidi na virusi, hasa rotavirusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukiongeza dozi.

Bakteria nao wapo. Kampilobakta, Salmonela, na E. koli ambaye hunichosha kuliko wote: kwenye sahani ya kuoteshea, aina inayoleta maradhi na ile inayoishi tumboni mwa kila mtu bila kero kwa kawaida hufanana. Kuzitenganisha mara nyingi kunahitaji vipimo vya vinasaba. Majibu yanayosema tu “E. koli ameota”, kwangu mimi, hayajasema kitu.

Shigela ni habari nyingine. Bakteria 10 hadi 100 tu humtosha kuleta ugonjwa. Huvamia ukuta wa utumbo mpana, choo kikatoka na damu na kamasi. Huyu ndiye wa kutibiwa kwa antibiotiki, na ndiye anayezidi kuzizoea. Natandaza bakteria kwenye sahani, napachika vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, nalaza usiku kucha kwenye joto la nyuzi 35. Dawa inayofanya kazi hujizungushia duara tupu. Pembeni mwa vipande vya ampisilini na kotrimoksazoli, antibiotiki za zamani, mara nyingi Shigela huota hadi ukingoni.

Usugu huo hutoka wapi? Miaka ya 1950 watafiti wa Japani waliona Shigela sugu kwa dawa nne kwa mpigo, na walipomchanganya na E. koli, usugu ukahamia kwake. Unabebwa na plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana. Kwa hiyo dozi isiyohitajika huua bakteria wa kawaida wa tumboni na kuwaachia nafasi wenye plasmidi. Shigela akiingia baadaye, anaupata usugu humohumo.

Anayehara majimaji apewe ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa kurudisha maji mwilini), aendelee kunyonya na kula, na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Kipindupindu kikali kina utaratibu wake. Ukiona damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na kama maabara ipo, sampuli itangulie dozi ya kwanza; dawa ikitangulia, sahani yangu huenda isioteshe chochote.