Je, wajua? Ukiishusha Vitz, inaweza kulala zaidi kwenye kona

Ukitoa rimu na muziki, jambo linalowaka mioyoni mwa vijana wengi wanaonunua Vitz au IST, vigari vidogo vya Toyota, ni kulishusha gari. Fundi anashika grenda, anakata mzunguko mmoja au miwili wa springi, gari linakaa chini na linapendeza kweli. Kisha mwenyewe anakwenda kulijaribu kwenye kona na kushangaa: kila shimo analisikia kiunoni, lakini gari bado linalala upande, na pua yake bado inakimbilia nje ya barabara.

Sababu iko mbele, pale kwenye mkono wa chini. Katika Vitz, kila gurudumu la mbele limeshikwa na shokapu iliyosimama ndani ya springi pamoja na mkono mmoja wa chuma unaotoka chini ya injini. Gari likiwa katika kimo lilichotoka nacho kiwandani, mkono huo umelala, au umeinama kidogo kuelekea gurudumu. Mkao wake pamoja na ule wa shokapu ndio unaoamua bodi izunguke kwenye nukta gani inapolala. Nukta yenyewe huioni kwa macho. Huwa iko jirani na usawa wa lami.

Shusha gari sentimita 4. Uzito umeshuka sentimita 4, sawa. Lakini mkono sasa umepinduka, upande wa gurudumu uko juu, na ile nukta imeporomoka zaidi ya sentimita 4, pengine hata chini ya lami. Umbali kati yake na uzito wa gari umeongezeka, na umbali huo ndio wenzo unaoilaza bodi. Springi iliyokatwa ni ngumu zaidi, kwa hiyo inafidia kiasi. Tatizo ni kwamba haina tena nafasi ya kubonyea. Ukipata bonde katikati ya kona, shokapu inafika mwisho na kugonga mpira wake, na tairi linarushwa wakati ule ule unapolihitaji lishike.

Wanaoweka spesa, vile vipande vya kunyanyua gari, ili wasigonge matuta nao wana yao. Uzito unapanda juu, exeli za mbele zinafanya kazi zikiwa zimekaa kwa pembe kali, na alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, inahama. Kwa barabara za mitaani kwetu nawaelewa kabisa, ila wasitegemee gari lile lile wakiteremka mlima Kitonga kule Iringa, wenye kona kali.

Sasa, kwa nini pua ndiyo inayokimbilia nje na si mkia? Vitz yenye dereva ina kilo 1,000 na ushee, na zaidi ya nusu imekaa mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta gari, ndiyo yanayokata kona, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Tuseme kila moja limebeba kilo 320 gari likienda moja kwa moja. Ukikata kona kwa kasi, la nje linaweza kufika 450 na la ndani likabaki na 190. Jumla ni ile ile, 640, lakini mshiko umepungua, kwa sababu tairi likiongezewa mzigo mshiko wake hauongezeki kwa kiwango kile kile. La nje linachopata ni kidogo kuliko kile ambacho la ndani limepoteza.

Hapo ndipo ninapoanzia hesabu ya mtu anayetaka gari lake la kila siku litulie bila kuanza kunywa mafuta: tairi kwanza. Magari ya mtumba kutoka Japani mara nyingine hushuka bandarini na tairi za theluji. Angalia ubavuni, ukiona neno STUDLESS, na uso wa tairi umekatwakatwa vijistari vyembamba kama wembe, hizo ndizo. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi, na kwenye lami ya joto vile vipande vinajikunja. Dereva anageuza usukani, gari linafikiri kwanza, ndipo linageuka. Watu wamebadilisha shokapu nne kwa ugonjwa huo, na shokapu hazikuwa na kosa. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kuhusu upana, usivimbe. Vitz za 2005 hadi 2010 nyingi zilikuja na 165/70R14. Ubavu wa tairi hilo ni asilimia 70 ya milimita 165, yaani milimita 115 na nusu. Ukifunga 195/50R15, kipenyo kinabaki karibu sawa, spidi mita haidanganyi sana, na ubavu unashuka hadi milimita 97 na nusu, kwa hiyo hauyumbi sana. Ila sasa una milimita 18 pungufu za mpira kati ya rimu na shimo, na tairi pana lenye rimu nzito linadai mafuta zaidi.

Baada ya tairi, bushi, yaani mipira inayoshikilia mkono wa chini kwenye bodi. Mwambie fundi apachike mtaimbo kwenye mkono wa chini na kuusukuma. Bushi ya nyuma ikiwa imepasuka, utaona mkono unacheza. Maana yake kila ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na kubadili mwelekeo lenyewe. Bushi mpya na alaimenti hubadilisha gari kuliko springi za kushushia gari za rangi nyekundu.

Ukishamaliza hayo na bado unataka zaidi, kuna stabilaiza ya nyuma, fito ya chuma inayopunguza gari kulala. Magurudumu ya nyuma ya Vitz yameunganishwa na mhimili mmoja wa chuma unaojinyonga, na ipo fito ya ziada inayofungwa juu yake kwa bolti. Inaifanya nyuma ibebe sehemu kubwa zaidi ya uzito unaohamia upande wa nje, na mbele inapata nafuu, kwa hiyo pua inakubali kukata kona. Haiongezi urefu wala haiharibu kimo cha gari, na haigusi mafuta. Lakini chagua ya wastani. Ikiwa nene mno, siku ya mvua ukaingia kona kwa kasi na kuachia mafuta ghafla, ni mkia ndio utakaotoka, na dereva aliyezoea pua kukimbia huwa hana mazoea ya kuurudisha.