Wimbo ni wako, mirabaha ya nani?

Tangu kampeni ya kusajili kazi za muziki ianze, swali linaloongoza dirishani kwetu, ofisini zinakosajiliwa kazi hizo, ni hili: "Wimbo nimetunga mimi, mbona hela anakula mwingine?" Hela hizo ndiyo mirabaha, malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika. Mara nyingi jibu limo kwenye karatasi aliyoitia sahihi muulizaji mwenyewe, bila kuisoma.

Mwangalieni Willie Dixon, mtunzi na mpiga besi wa blues (muziki wa Wamarekani weusi), mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915. Chicago alianza na ndondi, kisha akashika besi ile kubwa ya kusimama nayo. Usiku mmoja alimvuta mwimbaji Muddy Waters chooni mwa klabu iitwayo Zanzibar (ndiyo, Zanzibar, ila ya Chicago), akamfundisha wimbo wake "Hoochie Coochie Man" humo humo. Muddy akatoka, akauimba jukwaani. Ukarekodiwa na kampuni ya Chess mwaka 1954, ukavuma. Lakini haki za uchapishaji, yaani za kukusanya mapato ya utunzi, zilishikwa na Arc Music, kampuni yenye mkono wa wenye Chess wenyewe. Dixon alikuja kuishtaki miaka ya 1970. Wakamalizana nje ya mahakama.

Ndiyo maana tunasisitiza fomu ya mgawanyo, inayoonyesha fungu la kila mtunzi wa wimbo. Ijazeni kabla hamjatoka studio. Kila mtunzi aandike jina la kwenye kitambulisho, si la jukwaani, na asilimia yake, kisha atie sahihi. Jumla iwe 100. Wawili wakidai 60 kila mmoja, jumla inakuwa 120, na malipo ya wimbo mzima yanazuiliwa mpaka mpatane. Yanazuiliwa kwa wote, hata asiyegombana na mtu. Kutupigia simu kila asubuhi hakuyafungui.

Halafu kuna wanaoamini kwamba ukibadili jina la wimbo na mistari mitatu, umetunga. Hujatunga! Mwaka 1962 Muddy alirekodi "You Need Love" ya Dixon. Mwaka 1969 Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, wakatoa "Whole Lotta Love", wenye maneno yanayofanana na ya Dixon. Aliyeshtuka kwanza ni binti yake Dixon. Kesi ilifunguliwa 1985, wakapatana 1987. Niseme kwa tahadhari: hakuna hukumu iliyotolewa. Ila jina la Dixon leo limo kwenye orodha ya watunzi wa wimbo huo.

Dixon alianzisha pia taasisi ya Blues Heaven, kuwasaidia wanamuziki kudai haki zao. Alifariki mwaka 1992. Mwaka uliofuata mjane wake akanunua jengo la zamani la Chess, 2120 South Michigan Avenue, na baadaye taasisi ikahamia humo.