Maji katika viwanda vya sabuni na bidhaa za usafi: dhana potofu na ukweli

Kiwanda cha sabuni, shampuu au dawa za kusafishia sakafu kinapoamua kupunguza matumizi ya maji, wakubwa wake kwa kawaida huanza kuitazama chupa. Hilo linaeleweka, kwa kuwa sehemu kubwa ya sabuni ya maji ni maji yenyewe, na katika shampuu nyingi kiasi hicho hukaribia asilimia 80. Lakini anayeishia kwenye chupa huyaacha maji yaliyo rahisi zaidi kuokolewa yakitiririka nyuma yake.

Dhana: Maji ya kiwanda huishia ndani ya bidhaa.

Maji yaliyomo kwenye bidhaa ni malighafi, na hujulikana hadi lita ya mwisho kwa kutazama fomula na idadi ya chupa zilizojazwa. Ukiyatoa hayo katika jumla iliyosomwa kwenye dira kuu ya maji (mita), kinachobaki ni maji ya kuoshea matangi na mashine za kujazia, maji ya minara ya kupozea, mvuke wa boila, maji yanayokataliwa na mitambo ya kuchuja, pamoja na uvujaji ambao hakuna aliyeuandika popote. Dira moja langoni haiwezi kuyatenganisha haya. Kila sehemu yenye matumizi makubwa inahitaji dira yake.

Kabla hata dira hizo hazijanunuliwa, kipo kipimo kisichogharimu kitu. Siku ambayo uzalishaji umesimama na mashine zote zimezimwa, isomwe dira kuu saa nne usiku, kisha isomwe tena saa kumi alfajiri. Tarakimu zikiwa zimesogea, maji yanapita mahali yasipo na kazi. Bomba linalodondosha tone moja la robo mililita kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 21 kwa siku, yaani karibu lita 7,900 kwa mwaka. Mpira wa maji uliosahauliwa sakafuni ukitoa lita 20 kwa dakika humwaga kiasi hicho cha mwaka mzima kwa chini ya saa saba, muda usiofika hata zamu moja ya usiku. Ndiyo maana mpira wenye kifyatuo kinachojifunga wenyewe mkono unapouachia ni kifaa cha kununuliwa mapema, ingawa hakimpendezi sana mhandisi anayetaka mtambo mpya.

Dhana: Kadiri maji yanavyokuwa mengi, ndivyo tangi linavyosafika.

Dhana hii ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote, na pia ndiyo ngumu kuing'oa, kwa sababu anayeishikilia ana nia njema: hakuna anayetaka bidhaa yake iingie vijidudu au ibebe harufu ya bidhaa iliyotangulia. Hata hivyo, usafi hutegemea mambo manne yanayofidiana, ambayo mkemia Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel aliyaweka katika mchoro mmoja wa duara: kemikali, joto, muda na nguvu ya kusugua. Maji ni chombo cha kuyabeba hayo manne. Kinyunyizi kinachozunguka ndani ya tangi na kupiga kuta kwa nguvu hufanya kwa maji machache kazi ambayo kulijaza tangi mpaka juu hakuiwezi.

Hesabu ya kusuuza inaeleza vizuri zaidi. Chukua tangi lililobakiwa na lita 10 za shampuu iliyonata kwenye kuta na chini. Ukiongeza lita 1,000 za maji, ukakoroga na kumwaga, halafu zikabaki tena lita 10, shampuu iliyomo itakuwa imepungua hadi sehemu moja kati ya 101. Sasa suuza mara tatu kwa lita 100 kila mara, ukimwaga vizuri kila unapomaliza: shampuu hupungua hadi sehemu moja kati ya 1,331. Lita 300 zimesafisha mara 13 zaidi ya lita 1,000. Na maji ya msuuzo wa tatu, ambayo karibu ni safi, yanaweza kutunzwa kwa muda mfupi yawe ya msuuzo wa kwanza wa tangi linalofuata.

Bora zaidi ni kutokuacha hizo lita 10. Katika mabomba, kizibo cha mpira kinachosukumwa kwa hewa huikomba bidhaa na kuipeleka kwenye mashine ya kujazia badala ya mferejini, na hapo kiwanda huokoa maji pamoja na shampuu ya kuuza. Ratiba nayo ina nguvu ambayo wengi huidharau: ukianza na bidhaa isiyo na rangi wala harufu, ukafuata yenye rangi hafifu na kumalizia na iliyokolea, kuna mabadiliko ambayo hayatahitaji kuosha kabisa au yatatosheka na msuuzo mmoja. Idara ya mauzo inayobadilisha oda kila asubuhi hutumia maji mengi pasipo kugusa bomba.

Tahadhari hapa ni moja. Maji yenye sabuni iliyozimuliwa ni chakula cha bakteria, na wale wa jamii ya Pseudomonas na Burkholderia hustawi hata mahali penye virutubisho vichache. Kwa hiyo muda wa kuyatunza maji ya kusuuzia lazima uwekewe kikomo, na sampuli zipimwe maabara kabla utaratibu mpya haujakubaliwa.

Dhana: Sabuni ya unga haitumii maji, na iliyokolezwa inamaliza tatizo.

Unga mwingi wa kufulia huanza kama uji mzito ambao karibu theluthi ya uzito wake ni maji. Uji huo hunyunyizwa ndani ya mnara wenye hewa ya moto ili maji yale yageuke mvuke. Yalinunuliwa, yakasafishwa, kisha yakachomewa nishati ili yaondoke. Njia ya kuchanganya unga mkavu na kiasi kidogo cha kimiminika cha kuushikanisha hukwepa sehemu kubwa ya safari hiyo.

Kuhusu bidhaa zilizokolezwa, yaani zenye nguvu zaidi kwa ujazo mdogo, faida zake ni za kweli. Kampuni ya Kao ya Japani ilionyesha njia mwaka 1987 kwa unga wake uliokolezwa, na kufikia mwaka 2008 maduka ya Walmart nchini Marekani yalikuwa yakiuza sabuni za maji za kufulia zilizokolezwa pekee. Kinachosahaulika ni kwamba bidhaa nzito hunata zaidi kwenye tangi, na kiwanda kisichobadilisha namna yake ya kuosha kinaweza kurudisha mferejini maji kiliyoyatoa kwenye chupa.

Dhana: Suluhisho ni kurejeleza kila tone.

Inawezekana kuendesha kiwanda kisichotoa majitaka hata kidogo, lakini hatua ya mwisho ya kukausha chumvi hula nishati nyingi sana. Busara ni kutanguliza yaliyo karibu. Mtambo wa kuchuja maji kwa utando, ambao kati ya kila lita 100 zinazoingia hutoa lita 75 safi, hutupa lita 25 zilizozidi chumvi tu; hizo zinafaa kwa vyoo na sakafu. Katika mnara wa kupozea, chumvi zikiachwa zikolee mara 3 ya zilivyo katika maji yanayoingia kabla ya kumwagwa, kila lita 100 zinazogeuka mvuke hudai lita 150 za kujazia, lakini zikikolea mara 6, lita 120 zinatosha. Kusogea hadi mara 10 kunaokoa lita 9 tu zaidi, huku hatari ya chumvi kuganda mabombani ikiongezeka.

Dhana: Maji ni rahisi, hivyo akiba haitalipa.

Bei iliyo kwenye ankara ni mwanzo tu. Kupasha moto mita moja ya ujazo kutoka nyuzi 20 hadi 70 za Selsiasi huhitaji takriban kilowati-saa 58, kabla ya kuhesabu gharama za kusukuma, kuchuja na kutibu majitaka. Mvuke uliopoa na kugeuka maji ya moto, ukirudishwa kwenye boila, huokoa maji, kuni au gesi, na dawa za boila kwa mkupuo mmoja.

Dhana: Kazi ya kiwanda huishia langoni.

Kwa bidhaa za kufulia na kuogea, maji mengi zaidi hutumika mikononi mwa mnunuzi. Povu ndilo linalomfanya asuuze mara tatu, kwa kuwa amezoea kuamini kwamba nguo haijatakata hadi povu liishe. Mkemia anaweza kuweka kwenye fomula kiambato kinachozima povu wakati wa kusuuza, na lebo ikamweleza mnunuzi kwamba msuuzo mmoja unatosha. Lebo isipolisema hilo, atasuuza mara tatu kama kawaida yake.