Ufiko wa breki: kipimo cha kuchukua kabla ya kununua kalipa

Ufiko wa breki ni umbali kutoka katikati ya tundu la bolti inayoshika breki hadi katikati ya ukuta wa rimu, pale raba inapobana. Hupimwa kwa milimita, na ndio unaoamua kama kalipa, yaani breki yenye mikono miwili inayobana rimu, itafaa kwenye fremu yako. Chapa, bei na uzito vifikiriwe baadaye. Kalipa ghali ambayo raba zake haziifikii rimu haina kazi, hata muuzaji akikuapia kwamba itaingia.

Kila mkono wa kalipa una upenyo mrefu ambamo raba hupandishwa na kushushwa kabla ya kukazwa. Kwa hiyo ufiko huandikwa kwa namba mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa raba inapoweza kukaa. Baiskeli nyingi za mashindano zenye breki za rimu hutumia 39–49. Fremu iliyoachiwa nafasi ya tairi pana au madigadi huhitaji 47–57, kama Shimano BR-R451 au Tektro R539. Kwa fremu kuukuu zenye nafasi kubwa zaidi kuna Tektro R559, ambayo ni 55–73.

Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu watu wengi huanza na fremu ya mtumba kutoka Uingereza. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa magurudumu ya inchi 27, ambayo kipenyo chake pale tairi inapokaa ni milimita 630. Magurudumu ya sasa ya 700C yana milimita 622. Tofauti ni milimita 8, nusu yake kila upande, kwa hiyo ukibadilisha magurudumu rimu inasogea mbali na breki kwa milimita 4. Fremu iliyokuwa na ufiko wa 50 sasa inadai 54. Kalipa ya 39–49 itapungukiwa na milimita 5, na hakuna marekebisho yatakayozileta.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Weka gurudumu utakalotumia, wala si la kuazima lenye saizi nyingine. Hakikisha ekseli imekaa hadi mwisho kwenye foku na imenyooka, kisha kaza. Shusha rula wima kutoka katikati ya tundu la bolti hadi usawa wa katikati ya ukuta wa rimu. Usiilaze rula kufuata mshazari wa mkono wa breki, kwa maana utapata namba kubwa kuliko ilivyo. Pima mbele, halafu upime nyuma pia. Mara nyingi vipimo hivi viwili havilingani, na hakuna ubaya kununua kalipa za ufiko tofauti. Namba yako ikiangukia mwisho kabisa wa kipimo cha kalipa, kwa mfano 49 kwenye 39–49, chagua ile ndefu zaidi ili ubaki na nafasi ya kurekebisha.

Raba ikikaa juu mno, ukingo wake husugua ubavu wa tairi kila unapofunga breki. Nyuzi hutokeza, na siku moja tyubu inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Ikikaa chini mno, hubana rimu kwa ukingo tu, kisha kadiri inavyolika huteleza chini ya rimu na kuingia kwenye spoki. Hili la pili ndilo baya zaidi, hasa gurudumu la mbele. Ndiyo sababu hatushauri kabisa kupanua upenyo kwa tupa au kuchomelea kipande cha kuurefusha. Mkono huo ni wa aluminiamu iliyofinyangwa kwa nguvu maalumu, na ukidhoofishwa huvunjika wakati unapoubana kwa nguvu zote.

Ufiko mrefu una gharama yake. Mkono ukirefuka kutoka kwenye egemeo hadi kwenye raba, nguvu ya vidole vyako inapungua kabla ya kufika kwenye rimu. Kwa hiyo usichukue 55–73 kwa ajili ya usalama tu kama 47–57 inatosha. Kwa barabara zetu zenye mashimo tungechagua tairi la milimita 28. Kalipa nyingi za zamani za ufiko mfupi hazina nafasi ya tairi hilo likishajazwa upepo, kwa hiyo angalia na pengo lililo juu ya tairi.

Baada ya ufiko, tazama tundu lenyewe. Fremu za kisasa hutumia nati iliyozama, inayoingia kwenye tundu la milimita 8 upande wa nyuma wa foku. Za zamani zina tundu la milimita 6 pande zote, na nati hukaa nje. Foku ya chuma inaweza kutobolewa hadi 8, lakini ukuta wa nyuma pekee. Kwenye fremu ya nyuma ni ukuta unaotazama mbele. Foku ya kaboni isitobolewe kamwe.

Leva nayo ina kipimo chake: kiasi cha waya inachovuta. Leva za usukani uliopinda huvuta waya kidogo, karibu nusu ya leva za breki za V za baiskeli za milimani. Ukifunga leva ya V kwenye kalipa, mkononi utahisi breki ngumu kama ubao, lakini baiskeli haisimami. Ukifanya kinyume chake, leva inagonga usukani kabla raba hazijabana. Hata ndani ya Shimano pekee, leva zilizokuja na Dura-Ace 7900 (seti yao ya vipuri vya mashindano) mwaka 2008 na baada yake huvuta waya zaidi kuliko za awali. Ukizifunga kwenye kalipa za zamani, breki hupungua nguvu.

Tumia waya wa breki wenye unene wa milimita 1.6, na kava ya breki ya milimita 5. Kava ya gia huenda ikaonekana sawa machoni, lakini nyuzi zake zimelazwa kwa urefu na zinaweza kupasua ganda chini ya mkazo wa breki.

Baiskeli za Uingereza huja na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia, na nyingi za bara Ulaya huja na kushoto. Kwa kuwa hapa tunaendesha upande wa kushoto na tunanyoosha mkono wa kulia tukikata kuvuka barabara, mpangilio wa kulia unaacha mkono wa kushoto kwenye breki ya nyuma. Chagua mmoja, na baiskeli zako zote ziwe hivyo.

Wakati wa kufunga, bolti ya kalipa hukazwa kwa Nm (niutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 hadi 10, ya waya 6 hadi 8, na za raba 5 hadi 7. Acha pengo la milimita 1.5 hadi 2 kila upande, na ncha ya mbele ya raba iguse rimu kwanza kwa takriban nusu milimita, ili isipige kelele. Kisha bana leva kwa nguvu zote mara kumi ukiwa umesimama. Waya mpya hulegea na kava hujikaza, kwa hiyo vuta waya upya kabla ya kuteremka Kona Baridi kuelekea Magadi. Baada ya safari ya vumbi la murramu, toa raba na uchomoe kokoto ndogo kwa sindano, kwa maana ndizo zinazochonga mifereji kwenye rimu.