Chanjo ya hepatitisi B haikuambukizi virusi

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Likoni hadi Kisauni, Mombasa: chanjo ya hepatitisi B, ugonjwa wa ini, ni virusi vyenyewe, ukidungwa ushaambukizwa. Si kweli.

Cha kirusi kilichomo kichupani ni protini moja tu ya ganda lake, na hata hiyo haichukuliwi kwa mgonjwa. Kwa chanjo nyingi za leo hutengenezwa na hamira iliyopewa jeni ya protini hiyo, kisha ikasafishwa. Njia hii inatumika tangu 1986. Ganda tupu halina vinasaba vya kirusi, hivyo haliwezi kuzaana mwilini. Kinga hulitambua, ikajiandaa.

Uvumi wenyewe, tuseme haki, una pa kuanzia. Ukipimwa siku chache baada ya sindano, kipimo cha damu kiitwacho HBsAg huweza kuonyesha una ugonjwa, maana kinasaka protini ile ile. Hali hiyo hupita. Kingamwili za anti-HBc, zinazolenga kiini cha kirusi badala ya ganda, ndizo za kuangalia: chanjo haizileti, huletwa na maambukizi halisi.

Muombe muuguzi ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Aghalabu utakuta hamira imetajwa. Ujumbe ule ukikufikia tena, ufute, usiusambaze.