Cherehani ikiruka stichi kwenye kwilti haijafa

Jana tena. Mama mmoja kaja kibandani kwangu hapa Majengo, Dodoma, kapakia cherehani ya Butterfly kwenye bodaboda toka Nkuhungu, ananiambia fundi nitafutie mteja, imechoka, inaruka stichi, kwilti, yaani blanketi za viraka, haiwezi tena. Nikamuuliza, mama, sindano umebadilisha lini? Akanijibu mbona haijavunjika.

Jamani, sindano haisubiri ivunjike! Una kitenge juu, faiba katikati, kitambaa kingine chini, halafu umeweka namba 11 ya kushonea blauzi, lazima ipinde kidogo, wewe huoni ila ndoano ya chini inapita bila kudaka uzi, basi stichi imeruka. Weka namba 16, tabaka zikiwa nzito sana 18, na ubadilishe kila baada ya masaa 8 hivi ya kushona. Halafu dukani fungua macho, sindano za viwandani za DBx1 zina shina la duara, za nyumbani za HAx1 zina ubapa upande mmoja, na unazikuta zimechanganywa droo moja. Ukiweka ya duara kwenye cherehani ya nyumbani itaruka mpaka ulie. Ubapa uelekee kule ndoano inakopita. Ikigoma hapo ndio tunaangalia taimingi, maana ndoano inatakiwa idake uzi sindano ikishaanza kupanda kama milimita 2 na kitu, na hiyo ni kazi ya kulegeza skrubu na kukaza, sio ya kutafuta mteja.

Ya yule mama ilikuwa sindano tu. Nauli ya boda ilizidi bei ya dawa.

Eti uzi ukijikusanya chini bobini ni mbovu. Mara nyingi ni uzi wa juu, umeutunga kimguu kikiwa chini kwa hiyo haujaingia katikati ya visahani vya tensheni, vile vinavyobana uzi. Achaneni na kaskrubu ka bobini, nawaomba.

Eti kwilti inataka cherehani ya umeme. Kuunga viraka ni mshono mnyoofu, ya kukanyaga inatosha na umeme ukikatika unaendelea. Tabaka zinasogea kwa sababu meno yanavuta kitambaa cha chini peke yake, shikiza kwa mkono kwanza.

Na mafuta ya alizeti! Najua Dodoma tunayo ya kumwaga lakini hayo ni ya mboga, kwenye chuma yanaganda, yakikutana na vumbi letu la Agosti unapata gundi. Nunua mafuta ya cherehani.

Kununua nyingine nakuruhusu ukiwa unashona za kitanda cha sita kwa sita na hiyo mikunjo haipiti tena chini ya mkono wa cherehani, hapo tafuta yenye nafasi pana. Au shika ule mti wa sindano kwa vidole uutikise, ukicheza huku na huku na bushi, vile vipete unamopita, tulishabadilisha, basi, hiyo niuzie mimi nipate spea.